Anwani ya Mtetemeko

Ubongo wa dereva ulitufikia Februari,
ziwa la Kallavesi limekuwa gumu kama meza.
Ulikuja katika ndoo nyeupe yenye kifuniko,
na nambari badala ya jina.
Lakini dada yake, Hilkka, alikuwa ameandika barua
kwa kalamu ya risasi, kurasa mbili,
na kwa barua ile tukamjua: Taisto,
dereva wa greda la kusukuma theluji
barabara ya Iisalmi, miaka thelathini na minne,
mtu wa kuamka saa tisa za usiku
ili wengine waamke wakute njia.

Mwishoni mkono wake wa kulia ulitetemeka
hata kijiko kikawa kinafika mdomoni kitupu.
“Alitaka kujua,” dada aliandika,
“hiki kinachomtetemesha kinakaa wapi. Kina anwani?
Msipoipata si neno.
Ila mkiipata, niandikieni.”

Kazi yetu ni ramani.
Aune anakata, mimi nachora.
Aune anavua pete, anauzamisha ubongo katika nta,
anausubiri kama usubirivyo halua igande.
Kisha kisu kinapita, na kila kipitapo
kinaacha utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Ukihema vibaya, umeruka.
Siku za kukata, Aune hanywi kahawa,
na kwa Mfini huo ni mfungo.

Halafu rangi ya zambarau. Seli zinaikunywa, zinajitokeza.
Juu, kwenye gamba, zimejipanga tabaka kwa tabaka;
hata mgeni angezihesabu.
Chini si hivyo.
Chini, shinani, viini vimesongamana
bila ua wala kigingi, huyu kamwingilia yule,
nami naulizwa: mpaka uko wapi?
Nachora. Nafuta. Nachora.
Ni kama kuulizwa, Februari hii,
shamba la jirani linaanzia wapi chini ya theluji.
Taisto angejua.
Mawe yote ya njia ile aliyajua
kwa mtikisiko wa usukani.

Wa kale walipofika huku chini walikuwa wamechoka.
Wakaona weusi, wakasema kwa Kilatini: kitu cheusi.
Wakaona buluu, wakasema: mahali pa buluu.
Nawapenda kwa hilo. Hawakujidai.

Weusi wa Taisto ulikuwa umepauka
kama shati la kazi lililofuliwa mno.
Palipostahili seli mia nilikuta kumi na nane,
zimekaa mbalimbali,
taa za kijiji kilichohamwa.

Kipande cha 2,306 kilikunjamana.
Simu ya Aune ilitetema mfukoni:
mjukuu, huko Oulu, kilo tatu na robo.
Mkono ukashtuka, kisu kikashtuka,
na kunyanzi la nusu milimita
likalala katikati ya weusi.
Angeweza kukitupa.
Aliandika daftarini, kwa mwandiko wake wa shule:
“Kosa langu. Mtoto kazaliwa.”

Kompyuta ilitaka kuliziba pengo,
ikisie kwa kutazama cha kabla na cha baada.
Nilikataa.
Basi ramani yetu, popote itakaposomwa,
ina mstari mmoja wa kijivu
ambao wataalamu watauita hitilafu.

Nikamwandikia Hilkka. Nilichana mara nne.
Sikusema tumeipata, sikusema hatukuipata.
Nilisema: anwani ipo, Bi Hilkka,
upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba.
Lakini mtetemeko si mkazi wa pale.
Waliokuwa wakazi wamehama,
na unaousikia ni mlango,
unagongwagongwa na upepo.

Alijibu kwa kadi, Machi ikiisha.
Asante, aliandika.
Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi:
mwaka huu barabara wameisukuma vibaya.